Kero ya Kazini Ni Mtaji, Hasira Siyo

Ndugu zangu vijana, tuambiane ukweli. Kila tukikaa maskani habari ni ile ile: bosi hasikii. Mwisho wa mwezi unakesha ukijumlisha risiti kwa mkono, stoo haijulikani ina nini, mteja mmoja anapewa bei tatu na watu watatu. Ukitoa wazo unaambiwa, "Fanya kazi uliyoandikiwa." Tunalalamika, chai inaisha, kesho tunarudi pale pale.

Mimi nasema hiyo kero ndiyo mtaji wako. Pesa huna, lakini unajua panapovuja. Aliyesomea kompyuta miaka minne na hajawahi kusimama kaunta ya duka la dawa hajui dawa hupotelea wapi kwenye hesabu. Wewe unajua.

Tazameni Ujerumani, mwaka 1972. Wahandisi 5 wa IBM walikuwa na wazo: programu moja ya hesabu ambayo kampuni nyingi zingeweza kuitumia, badala ya kila kampuni kuandikiwa yake upya. Hawakupewa nafasi ya kuliendeleza. Wakatoka, wakaanzisha SAP. Na sikilizeni hapa: hawakuwa hata na kompyuta yao. Walichokuwa nacho ni mteja, kiwanda cha nailoni cha ICI, ambacho shida zake walikuwa wanazijua tayari. Wakafanyia kazi kwenye kompyuta ya kiwanda hicho, mara nyingi usiku. Leo SAP ni moja ya kampuni kubwa za programu duniani.

Hawakutoka na hasira, walitoka na mteja. Wengi huteleza hapo. Leo unatupa barua mezani kwa bosi, mwezi ukiisha mwenye nyumba anabisha hodi, na programu yenyewe haina hata mtu mmoja anayeilipia.

Kwa hivyo chagua kero moja tu. Kabla hujaandika hata mstari wa programu, zungumza na maduka 5 au 10 ya aina hiyo. Usiwaulize kama wazo lako ni zuri, watakusifu bure. Waulize hiyo shida inawala pesa ngapi kwa mwezi, na wako tayari kulipa ngapi iishe. Kisha anza na kitu kidogo kinachofanya kazi. Hata malipo si kikwazo: tangu 2017 Safaricom ina Daraja, ambapo watengenezaji programu huunganisha mifumo yao na M-Pesa. Hujui kuandika programu? Tafuta mwenzako anayejua. Wewe leta shida, yeye alete ufundi, na mgao muandikiane mapema, urafiki usije ukavunjikia kwenye pesa.

Tena, tuchunge amana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inampa mwajiri haki ya kile ulichotengeneza katika kazi aliyokuajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Basi usijenge biashara yako kwenye kompyuta ya bosi, saa za bosi. Orodha ya wateja wake pia usiibebe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Soma mkataba wako. Na ukiwa tayari kutoka, kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Toka vizuri. Bosi wa leo anaweza kuwa mteja wako wa kesho.

Sisemi tunyamazie dhuluma. Ukinyimwa mshahara wako, udai, na sisi tuko nyuma yako. Lakini kudai haki na kujijengea njia ni mikono miwili ya mtu mmoja. Mwenye njia nyingine ya kula hatishiki ovyo akisema kweli kazini.

Wiki hii, badala ya kulalamika maskani, andika kwenye karatasi jambo moja linalokupotezea muda kila siku, na majina ya maduka 5 yenye shida hiyo hiyo. Nenda ukayatembelee. Na siku utakapoajiri kijana wako wa kwanza, akikujia na wazo, msikilize.