Kupiga Windows: Maoni Kuhusu Upungufu wa Istilahi za Kurekebisha Kompyuta

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umedumu miaka mingi, na sehemu kubwa ya mjadala huo imekuwa juu ya nomino. Wataalamu wamebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Na ile inayobebwa mkobani, iwapo iitwe kipakatalishi, kompyuta mpakato, au iachwe laptopu kama inavyoitwa na wenye nayo. Mabishano hayo hayakuwa ya bure. Hata hivyo, yamefunika upungufu ulio mkubwa zaidi, ambao hauonekani chombo kinapofanya kazi bali hujitokeza siku kinapogoma. Siku hiyo mtumiaji haulizi jina la chombo. Hutaka kujua afanye nini, na hapo ndipo Kiswahili sanifu kinapomwacha.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili ambaye tasnifu yake yote imo katika kompyuta mpakato moja iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Usiku kompyuta inaanza kusasisha mfumo wake wa uendeshaji. Inajizima, inajiwasha, inahesabu asilimia, inasimama. Kisha unatokea ujumbe kwamba masasisho hayakukamilika, kwamba mabadiliko yanaondolewa, na kwamba kompyuta isizimwe. Asubuhi bado inazunguka pale pale. Mwanafunzi anakwenda kwa fundi na kutamka maneno ambayo kila fundi wa Dar es Salaam anayajua: "Nipigie Windows." Saa mbili baadaye anarudishiwa kompyuta safi, nyepesi, yenye kuwaka upesi, na isiyo na tasnifu.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Ameombwa jambo naye amelitenda. Kosa limo katika kitenzi.

Kwa upande wa muundo, "kupiga Windows" ni Kiswahili kizuri kabisa. Kitenzi "piga" kina tabia ya kupokea nomino yoyote na kuifanya tendo: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga chapa, piga simu. Mafundi hawakusubiri kamati iwaundie neno. Walitumia kanuni iliyomo katika lugha, na neno likaenea bila waraka wala semina. Mwanaisimu anayelidharau kwa kuwa ni la mtaani anadharau mfano mzuri wa uzalishaji wa msamiati. Tatizo la neno hili liko kwenye upana wa maana yake. Ndani ya "kupiga Windows" mna matendo yasiyopungua manne. La kwanza ni kukarabati mafaili ya mfumo yaliyoharibika huku kila kitu kikibaki mahali pake. La pili ni kuliondoa sasisho la mwisho lililoleta matata. La tatu ni kuuweka mfumo upya huku mafaili ya mwenyewe yakibakizwa, ingawa programu alizozisakinisha huondoka. La nne ni kuifuta diski na kusakinisha mfumo mpya juu yake. Tendo la kwanza halimpotezei mwenye kompyuta hata herufi moja. La nne humpotezea vyote. Katika hali gani nyingine ya maisha mtu angekubali kitenzi kimoja kitumike kwa kutibu jino na kwa kung'oa taya?

Upana huo ungekuwa na madhara kidogo kama sasisho lililoshindwa lingekuwa na tiba moja tu, yaani ya kufuta. Lakini hali si hiyo. Aghalabu sababu ni ndogo na tiba yake ni ndogo. Nafasi katika diski inaweza kuwa imekwisha, kwa maana sasisho kubwa huhitaji gigabaiti kadhaa za kupakuliwa na nyingine za kufanyia kazi. Mafaili yaliyopakuliwa yanaweza kuwa na kasoro kwa sababu mtandao ulikatika au bando liliisha njiani. Tiba yake ni kuisimamisha huduma ya kusasisha, kulibadilisha jina folda liitwalo SoftwareDistribution ili mfumo uunde jipya, kisha kuanza kupakua tena. Mafaili ya mfumo yenyewe yanaweza kuwa yameharibika, na hapo hutumika amri ya DISM, ikifuatiwa na ile ya sfc, ambazo huyakagua na kuyakarabati bila kugusa kazi za mwenyewe. Kifaa kilichochomekwa ubavuni, au kiendeshi chake cha zamani, kinaweza kuuzuia mfumo mpya usikamilike. Mara nyingine kukichomoa tu kunatosha.

Iko sababu nyingine inayostahili kutajwa kwa kuwa inazipata hasa kompyuta zilizozeeka. Betri ndogo inayotunza saa ikifa, kompyuta hujikuta iko miaka mingi nyuma. Inapowasiliana na seva, hati za utambulisho za seva hiyo huonekana kuwa za wakati ambao bado haujafika, na mawasiliano yanakataliwa. Mtumiaji huona namba 0x80072F8F akadhani kompyuta imekufa, kumbe inataka kuambiwa tarehe.

Namba za namna hiyo zinastahili kuangaliwa na wanaisimu kuliko zinavyoangaliwa sasa. Katika ujumbe wote wa kushindwa, namba ndiyo sehemu pekee isiyo na lugha, na ndiyo yenye maana bayana kuliko nyingine. Namba 0x80070070 husema kwamba diski imejaa: tarakimu za mwisho, 70, zikisomwa kwa kizio cha kumi na sita ni 112, nayo 112 ni namba ya Windows ya kosa hilo. Kwa utaratibu huo huo 0x80070005 husema ruhusa imekataliwa, na 0x80070002 husema faili halikuonekana. Namba 0xC1900101 aghalabu huelekeza kwenye kiendeshi. Anayeinakili namba kabla ya kwenda kwa fundi anakwenda na nusu ya jibu mkononi. Lakini ni nani amemwambia ainakili? Maneno yanayoizunguka namba ndiyo yangepaswa kumwambia, na maneno hayo mara nyingi hayasemi kitu.

Udhaifu huu haukuanza na Kiswahili. Windows 10 ilipotolewa mwaka 2015, baadhi ya watumiaji walioshindwa kuisakinisha waliona kidirisha chenye kichwa cha Kiingereza kilichomaanisha "Kuna jambo limetokea", na chini ya kichwa hicho, kama maelezo, maneno yale yale yamerudiwa. Ujumbe huo ulichekwa duniani kote. Ukiletwa katika Kiswahili, udhaifu huo huongezewa nguvu na sarufi yetu. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, inayoweza kumwondoa mtenda kabisa: imeshindikana, imeharibika, imefutika. Katika masimulizi kauli hiyo ina uzuri na adabu yake. Humwezesha mtu kusema glasi imevunjika bila kumtaja mtoto aliyeivunja. Katika ujumbe wa kompyuta ni balaa. "Usasishaji umeshindikana" ni sentensi sahihi isiyosema kilichoshindwa, kilichoshindisha, wala kinachotakiwa kufanywa. Mfasiri mwenye kujua kazi angeandika: "Diski imejaa. Ondoa gigabaiti 8, kisha ujaribu tena." Sentensi hizo mbili hazihitaji istilahi mpya hata moja. Zinahitaji mfasiri anayeruhusiwa kufasiri hali badala ya maneno.

Hapa hapana budi kukumbuka historia. Juhudi za kuiswahilisha kompyuta si ngeni. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya programu zake. Kazi hizo zimeleta maneno ambayo sasa yanasikika hata kwa wasiojua yalikotoka: sakinisha, pakua, kiolesura, sasisha. Lakini vifurushi vya Windows viliundwa vikae juu ya lugha ya msingi, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Kiswahili kilikuwa vazi la juu. Menyu zilikuwa za Kiswahili, vitufe vilikuwa vya Kiswahili. Lakini mfumo ulipoanguka na kuingia katika mazingira ya uokoaji, vazi lilivuka na Kiingereza kikabaki peke yake. Mtumiaji alihudumiwa kwa lugha yake wakati wa raha, na kwa lugha ya kigeni wakati wa shida.

Istilahi zilizoundwa nazo hazikupimwa kwa siku ya shida. Neno "upya" linatosha kuwa ushahidi. "Washa upya" ni kuizima kompyuta na kuiwasha. Haina hatari yoyote, nayo ndiyo tiba ya kwanza. "Weka upya" ni kuurudisha mfumo katika hali ya awali; huondoa programu, na kwa chaguo moja baya huondoa na mafaili. "Sakinisha upya" ni zaidi ya hapo. Mbele ya mtu mwenye hofu, ambaye tasnifu yake imo ndani, maneno haya matatu yanafanana mno. Ndivyo ilivyo pia kwa "rejesha", neno lililobebeshwa kazi ya kurudisha faili lililofutwa, kurudisha mfumo katika hali ya wiki iliyopita, na kurudisha kompyuta katika hali ya kiwandani. Kurejesha kwa kwanza kunaokoa kazi, kwa tatu kunaiangamiza.

Inashangaza kwamba lugha yenyewe ina nyenzo za kutosha. Kauli ya kutendua, iliyomo katika funga na fungua, tega na tegua, choma na chomoa, ndiyo hasa inayohitajika kueleza kulibatilisha tendo lililokwisha kufanyika. Baadhi ya programu hutumia "tendua" na nyingine "tangua", na yote mawili ni mazuri. (Kutoka "sasisha" hakuna wa kuthubutu kuunda "sasua", na heri iwe hivyo.) Kungekuwa na uamuzi mmoja kwamba "tangua sasisho" ni kuliondoa sasisho la mwisho peke yake, sehemu kubwa ya mkanganyiko ingeondoka. Tendo hilo lina muda wake: baada ya toleo jipya la Windows kusakinishwa, mfumo wa zamani huhifadhiwa kwa kawaida siku 10 tu, kisha hufutwa. Asiyejua jina la tendo hawezi kuliomba kabla siku hizo hazijapita.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba mafundi wote wanazijua istilahi za Kiingereza, na kwamba inatosha. Hoja hiyo inasahau nani mwenye uamuzi. Fundi ndiye anayetenda, lakini mwenye mafaili ndiye anayeridhia, na ridhaa iliyotolewa kwa neno lisiloeleweka si ridhaa. Mambo yanazidi kuwa magumu pale diski inapokuwa imefungwa kwa BitLocker: baada ya sasisho kukwama, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, na mwenyewe asikumbuke kama aliwahi kuwa nao. Bila ufunguo huo hata fundi hodari hawezi kuyatoa mafaili. Swali la "ufunguo wako wa uokoaji uko wapi?" lilipaswa kuulizwa kwa Kiswahili siku diski ilipofungwa, si siku mlango ulipokataa kufunguka.

Wala waundaji wa mifumo si maasumu hata iaminiwe kwamba sasisho halitagusa kazi za mtu. Toleo la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilikuwa likiyafuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Lilitolewa tena Novemba mwaka huo huo. Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 imetoka katika utunzaji wa kawaida, na Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, mambo ambayo laptopu nyingi kuukuu hazina yote. Wenye kompyuta hizo watapelekwa kwa mafundi kwa wingi, na watasema neno lile lile.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa orodha nyingine ya nomino, vyombo vya lugha vingefanya vyema kukaa na mafundi wa kompyuta, kuwasikiliza wakiwa kazini, na kuliacha neno lao liishi huku likiwekewa mipaka. Si lazima "kupiga Windows" liondolewe. Linaweza kuingizwa katika kamusi kwa maana ya tendo la nne peke yake, yaani kufuta na kusakinisha, na yale matatu yakapewa majina yake: karabati mfumo, tangua sasisho, weka upya kwa kubakiza mafaili. Fundi mwangalifu tayari ana kipambanuzi chake: kabla ya kuigusa mashine huuliza, "Kwa kufuta au bila kufuta?" Maneno hayo mawili ya mwisho hayamo katika orodha za istilahi za kompyuta, nayo ndiyo mwanafunzi yule alihitaji kuyajua kabla hajaikabidhi kompyuta yake.