Utani uishie kwa mtani
Kipyenga cha mwisho kikilia tu, ibada inaanza. Shabiki wa timu iliyoshinda anabadili picha ya WhatsApp, anajaza stetasi, kisha anaingia kwenye grupu la ukoo kumsaka mtani wake aliyejificha. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoichapa Simba 5-1, vidole vitano vilitapakaa kila kona mtandaoni. Hapo hakuna noma. Utani wa jadi ndio chumvi ya soka la Bongo.

Noma ni wale wanaovamia Instagram ya straika aliyekosa penalti na kumtukania mama yake. Huo si utani. Mtani wa kweli hata msibani anakucheka, lakini jeneza anabeba. Asiyeweza kutania bila kutukana aweke simu chini, alale. Ligi bado ndefu.