Maziwa si Dawa ya Moshi wa Kuchomelea

Katika gereji moja jijini Dar es Salaam, kijana anachomelea bodi ya lori ya alumini. Usoni kavaa miwani ya jua, ile ile anayotembelea mtaani. Jioni bosi anampa ujira wa kutwa na pakiti ya maziwa, eti ya kusafishia kifua. Sisi tunasema: hiyo ni danganya toto. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Havikutani.

Moshi huo si mchezo. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Alumini nayo ina vitimbi vyake. Inang'aa, hivyo inaurudisha mwanga mkali usoni na shingoni. Ndiyo maana usiku fundi huhisi kama kamwagiwa mchanga machoni. Mwanga huo huo hugeuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni, gesi isiyoonekana inayochoma koo na mapafu. Na alumini iliyovutwa miaka mingi haitoki upesi, hujilimbikiza mwilini hadi kwenye mifupa. Uchunguzi wa mafundi wa Finland uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta dalili za kupungua uangalifu na kumbukumbu kwa waliolimbikiza nyingi. Ujerumani nako waliofuatilia mafundi hawakuona hivyo, kwa hiyo juu ya ubongo wataalamu wanabishana. Juu ya mapafu hakuna ubishi.

Wala hili si la mshika mashine peke yake. Saidia fundi anayeshikilia kipande, mpaka rangi wa pembeni, fundi madirisha anayekula vumbi la msumeno, mama lishe aliyeinjika masufuria mlangoni: wote wanavuta. Moshi hauulizi cheo.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Lakini kibarua asiye na mkataba atamdai nani? Akifungua mdomo anaambiwa kesho asije. Wa kuchukua nafasi yake wamejaa kijiweni. Wakubwa wanaowahimiza vijana wajitume waseme pia nani atawatibu vifua.

Tunadai wakaguzi waingie vichochoroni, wasiishie kwenye viwanda vyenye geti. Mwenye gereji anunue kofia za kuchomelea, barakoa za kuchuja moshi na feni ya kuuvuta nje, na saidia fundi apate vilevile. Kitambaa puani hakichuji kitu.

Nanyi vijana, chomeleeni palipo wazi, kichwa kisikae juu ya moshi, upepo uwapitie ubavuni. Maziwa mkipewa kunyweni, ni chakula. Kisha ulizeni barakoa iko wapi. Akiuliza mmoja atafukuzwa. Wakiuliza kumi, bosi atakwenda dukani.