Kutoka Newtown hadi mahandaki ya 1922

Eneo la mapigano ya Machi 1922 mjini Johannesburg hufikika kwa miguu kutoka Newtown. Njia huanzia Uwanja wa Mary Fitzgerald, hupita chini ya barabara kuu ya M1 na kuingia Fordsburg, ambako wachimba dhahabu weupe walichimba mahandaki kuzunguka uwanja wa soko. Bei ya dhahabu ilikuwa imeshuka, na wenye migodi walitaka baadhi ya kazi za wachimbaji hao wapewe Waafrika, waliolipwa kiduchu. Weupe hao wakagoma Januari, na mgomo ukageuka uasi. Bango moja maarufu liliwahimiza wafanyakazi wa dunia waungane kupigania Afrika Kusini ya weupe, kichekesho kichungu kweli. Waziri Mkuu Jan Smuts alitangaza sheria ya kijeshi Machi 10, akatumia ndege na mizinga, na Fordsburg ikaanguka Machi 14. Watu wapatao 200 walikufa, wakiwamo Waafrika waliouawa na wagomaji, jambo ambalo masimulizi ya ushujaa hulipita haraka. Ndiyo maana ziara isiyofika Makumbusho ya Wafanyakazi, palepale Newtown, ina upungufu: humo mna vitanda vya zege walivyolalia vibarua Waafrika wa manispaa. Waasi wanne walinyongwa; Smuts naye aliangushwa kwa kura mwaka 1924.