Tiketi ya Unguja Si Dawa ya Vepu



Tiketi imeshakatwa. Kijana wa miaka 15, mzaliwa wa hapa hapa Uingereza, anayeijua Unguja kwa likizo mbili na kwa sauti ya bibi yake kwenye simu, atapakiwa ndege mwisho wa mwezi huu akaishi kwa ami yake "mpaka atulie". Kosa lake ni kuwa alipiga pafu mbili za vepu ya mwenzake katika choo cha skuli, akaanguka, ikaitwa gari ya wagonjwa. Hospitali wakawaambia wazee wake kwamba ndani ya kile kidude hamkuwa na nikotini peke yake. Hatutamtaja, na anayemjua tunamwomba naye asimtaje. Lakini jambo lenyewe hatuwezi kulinyamazia, kwani huyu si wa kwanza kusafirishwa namna hii kutoka katika jamii yetu, na kila akiondoka mmoja sisi tuliobaki hushusha pumzi kana kwamba tatizo limepanda ndege pamoja naye.

Tunapinga. Tunaipinga tiketi, na tunaupinga zaidi ujinga wetu sisi wakubwa ulioikata.

Siku skuli ilipompigia simu mama wa kijana, yeye alisikia "tepu", akauliza tepu ya nini. Hatumcheki. Wangapi kati yetu tungekitambua kidude hicho kikiwa juu ya meza ya kulia? Kina umbo la kalamu nene au la kile kijiti cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, kina rangi ya peremende, kinanukia embe na tikiti maji. Tumekikuta katika mifuko ya suruali tukitaka kufua, tukakiweka pamoja na funguo, tukaendelea na kazi zetu.

Basi tuanze na kukijua. Ndani mna betri, kijiwaya kinachopata moto, na maji yenye nikotini ambayo waya huyageuza mvuke. Aliyekiunda kwa sura hii ya leo ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, akiwafikiria wavuta sigara. Sheria ya hapa inaweka mpaka wa miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya maji hayo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, katika England na Wales, ni kosa kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ni kosa pia kwa mtu mzima kumnunulia. Vile vya kuvuta na kutupa vimepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2025, lakini nenda dukani uone: vya kuchaji, vyenye rangi zile zile na ladha zile zile, vimekaa pale pale. Uchunguzi wa shirika la ASH wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mtoto mmoja katika kila watano wa miaka 11 hadi 17 alikuwa ameshawahi kujaribu. Mmoja katika watano! Hesabu watoto waliokaa safu ya mbele katika maulidi yetu yaliyopita, kisha rudi usome.

Na hayo ni ya nikotini tu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walitangaza matokeo ya kupima vepu 596 walizonyang'anywa wanafunzi wa skuli 38 za England. Moja katika kila sita ilikuwa na kile wanachokiita spaisi. Sisi watu wa visiwa vya karafuu tukisikia spaisi twafikiri mdalasini na hiliki. Hii ni kemikali ya maabara inayoiga bangi, mara nyingi kwa ukali zaidi, na kisheria imewekwa daraja moja na bangi yenyewe. Mtoto huwa haambiwi. Anauziwa kwa jina la mafuta ya bangi, au anapewa tu na rafiki ambaye naye hajui. Huyo kijana wetu hakwenda kutafuta spaisi. Alipokezwa kidude chooni, na hakuwapo mtu mzima hata mmoja katika maisha yake aliyekuwa ameshamwambia kwamba yaliyomo ndani huwezi kuyajua kwa harufu ya embe.

Tulipokutana ukumbini baada ya tukio, rai zilikuwa mbili. Ya kwanza, atafutwe sheikh atoe waadhi kwamba ni haramu. Ya pili, aletwe polisi awatishe. Waadhi hatuna ugomvi nao. Lakini mtoto wa hapa atauliza, na wako walioshauliza: mbona serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba itawapa vepu wavuta sigara milioni moja? Ukimjibu kwamba vepu ni sumu kuliko sigara, umesema uongo, naye atauhakikisha kwenye simu yake kabla hujamaliza chai. Kuanzia hapo hatakusikiliza tena, hata utakapomwambia kweli kuhusu spaisi. Jibu la haki ni kwamba kwa mzee aliyevuta sigara miaka thelathini, vepu ni kuhama kutoka katika moto mkubwa kwenda mdogo. Kwa mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kuvuta kitu, ni kuingia motoni. Nikotini inashika upesi, na inamshika mdogo kuliko mkubwa. Hilo ndilo somo, na linaweza kusemwa jikoni kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, bila ya kupandisha sauti.

Ama polisi wa kutisha, wenzetu Marekani wameshajaribu kwa miaka mingi. Mpango wa DARE ulianza Los Angeles mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani kuwafunza watoto kusema hapana. Ulienea nchi nzima, watoto wakapewa fulana, na watafiti walipowafuatilia waliopita humo na wasiopita, tofauti ya maana baada ya miaka hawakuiona. Mwishowe wenyewe waliubadilisha mtaala. Iceland (tunakusudia nchi, si lile duka la vyakula vya barafu) walikwenda njia nyingine. Mwaka 1998 vijana 42 katika kila mia wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walibaki 5. Wavuta sigara wa kila siku walishuka kutoka 23 hadi 3. Hawakufanya miujiza. Waliwauliza vijana wenyewe kila mara hali ikoje, wakalipia michezo na muziki wa mchana, wakaweka saa ya watoto kuwa ndani usiku, na wazee wakaandikiana ahadi mtaa kwa mtaa kuwa saa hiyo itafuatwa na wote. Wazee ndio walioanza kubadilika.

Na sisi je? Hapa patauma kidogo. Mpaka mirungi ilipopigwa marufuku nchini humu Juni 2014, sebule ngapi za Ijumaa zilijaa majani na vijiti mpaka alfajiri, na watoto wakipita katikati yetu kutafuta rimoti? Harusi zetu za mwaka juzi na jana zilikosa shisha? Kuna baba mmoja alisimama ukumbini akalaani vepu kwa dakika kumi, kisha akatoka nje kuvuta sigara, na mwanawe akamshikia koti. Na wenye maduka miongoni mwetu, mnaouza vepu kaunta moja na unga wa sembe na maziwa ya nazi: mnawajua watoto hawa kwa majina ya mama zao. Hamna haja ya kuomba kitambulisho. Mnajua kabisa kwamba hajafika 18, na bado kidude kinapita juu ya kaunta.

Sasa turudi Unguja. Wanaosema "apelekwe nyumbani akapate adabu" wanakumbuka Unguja ya utoto wao, ya mzee yeyote wa mtaani kukuchapa na kukurudisha kwenu. Unguja hiyo imekwenda. Unga uliingia, ukawachukua wenzetu tuliosoma nao dawati moja. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Kliniki za namna hiyo hufunguliwa penye wagonjwa. Kijana aliyefedheheshwa, asiye na rafiki, ambaye Kiswahili chake kinachekwa barazani, anatupwa katika mji ambao unga uko umbali wa vichochoro viwili, akakae na ami ambaye hakuambiwa kilichotokea ila "mtoto ana ukorofi". Hiyo tunaiita adabu? Na mitihani yake ya GCSE ni mwakani.

Skuli ziko hapa, na sheria inazilazimisha. Tangu Septemba 2020 elimu ya afya, pamoja na madawa, ulevi na tumbaku, ni somo la lazima katika skuli za serikali za England. Wengi wetu tuliandika barua kuuliza kama mtoto anaweza kuondolewa katika somo la mambo ya unyumba. Hatukumbuki hata mmoja aliyeandika kuuliza ni nini hasa wanafundishwa kuhusu vepu, ili nyumbani tuendeleze pale mwalimu alipoachia. Skuli moja ya watoto wetu iliwaita wazee jioni kwa ajili ya hilo hilo. Tuliwahesabu Waswahili: wawili, na mmoja alikuja kumchukua mwanawe mazoezini akakosea mlango.

Kwa hiyo tumeiomba kamati ya ukumbi saa moja ya Jumamosi, baada ya madrasa, na tumeipata. Hatutaleta wa kutisha. Watakaozungumza ni vijana wetu wa miaka 18 na 19, wawili kati yao walivuta wakaacha, na watasema ilivyokuwa vigumu kuacha. Muuguzi wa kwetu atakuja na vidude vyenyewe, vitupu, tuvishike na kuvinusa. Wazee wakae pamoja na watoto, si chumba cha nyuma na sambusa. Anayeona haya kuulizwa na mwanawe kuhusu mirungi ya zamani, aje na haya zake.

Na kuhusu tiketi. Akifa mtu usiku tunachanga pauni elfu kadhaa kabla ya mchana ili maiti asafirishwe kwa heshima. Tumemuuliza wakala: tarehe ya safari hii inaweza kusogezwa mpaka baada ya mitihani, kwa faini ya pauni 120. Baba yake amesema atafikiri. Bahasha iko kwa mweka hazina, na hadi tunapokwenda mitamboni ina pauni 85.