Oili Inayopungua: Ada ya Injini au Dalili ya Maradhi?



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twaomba radhi kuyaacha ya jikoni na ya malezi, tuingie chini ya boneti ya gari. Lililotusukuma ni bangili nne za dhahabu. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, alitujia baada ya alasiri akiwa amezifunga katika kitambaa, akitaka tumwelekeze kwa sonara atakayempa bei ya haki. Gari aliloachiwa na marehemu mumewe ndilo linalowapeleka watoto skuli na madrasa, na ndilo linalobeba vyakula anavyopika na kuuza. Fundi alikuwa amechomoa kijiti cha kupimia oili, akakikuta kikavu, na hapo hapo akatoa hukumu: injini hii inakula oili, haina budi kufunguliwa na kutengenezwa upya.

Tulimuuliza swali moja: inakula kiasi gani, na kwa masafa gani? Hakujua. Wala fundi hakuwa amepima. Tukamsihi azirudishe bangili zake sandukuni kwanza, tupime.

Yafaa tufahamu kwamba hakuna injini isiyotumia oili hata kidogo. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda mara 3,000 na kushuka mara 3,000 ndani ya silinda yake. Chuma hakiwezi kusuguana na chuma kwa kasi hiyo pasi na utando wa oili kati yao. Ringi zilizoizunguka pistoni huukwangua utando huo na kuurudisha chini, lakini haziukwangui wote, la sivyo silinda ingekauka na kuchubuka. Ule unaosalia huungua pamoja na petroli. Valvu nazo huhitaji tone lao, na oili iliyopata moto hutoa mvuke unaovutwa na injini ukaunguzwa. Gari linalopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa kasi, likiwa na mzigo, huunguza zaidi ya lile linaloishia madukani na kurudi. Ada hii kila injini huilipa. La kuuliza ni kiasi chake.

Injini yenye afya, baina ya sevisi moja na nyingine ya kilomita 5,000, aghalabu hupunguza oili kidogo tu. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji huruhusu katika vitabu vyao vya maelekezo hadi takriban lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Hicho ni kikomo walichojiwekea, wala si kipimo cha siha. Tena tuhesabu pamoja. Injini ndogo za magari mengi ya nyumbani hubeba lita 3 hadi 4 za oili. Injini inayotumia lita 1 kwa kilomita 1,000, nayo isiongezwe hata tone, itakuwa imekwisha kukauka kabla ya kufika sevisi ya kilomita 5,000. Ndiyo kusema kwamba hata kiwango kinachoitwa cha kawaida chaweza kuiua injini isiyotazamwa.

Wengi wetu hujitegemeza kwa ile taa nyekundu yenye umbo la birika. Katika magari mengi taa hiyo haipimi wingi wa oili, bali msukumo wake. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, huenda pampu imekwisha kukosa cha kuvuta. Hapo hakuna la "tufike nyumbani kwanza". Egesha mahali pa salama, zima injini, kisha utazame.

Kupima ni kazi ambayo kila mama aweza kuifanya kwa kitambaa kikuukuu na daftari. Gari liegeshwe pahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwashwa, au dakika kumi hivi baada ya kuzimwa, ili oili iteremke chini. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Katika magari mengi, baina ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 1. Jaza mpaka alama ya juu, usipite. Oili iliyozidi huchapwa ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Tumia oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, kama vile 5W-30. Andika kilomita zilizoonyeshwa na mita. Kila juma tazama. Zikitimia kilomita 1,000, ongeza oili kwa chupa yenye vipimo mpaka alama ile ile. Kiasi ulichoongeza ndicho gari lilichotumia.

Usiku, tandaza chini ya injini boksi lililokunjuliwa. Matone ya rangi ya kahawia au meusi ni oili inayovuja, na kuziba uvujaji mara nyingi ni kazi ndogo kuliko kufungua injini. Maji ya kijani au mekundu ni ya radieta. Maji safi aghalabu hutoka kwenye kipoza hewa, nayo hayana neno.

Jirani yetu alipima kwa siku arubaini. Boksi lilibaki safi. Alipotimiza kilomita 1,000 aliongeza oili kidogo kuzidi robo lita. Tulipoyapekua makaratasi ya marehemu, tukaona kwamba sevisi ya mwisho ilikuwa imepitwa na kilomita 9,000. Katika masafa hayo, kwa mwendo ule ule, injini ilikuwa imetumia takriban lita mbili na nusu, wala hapakuwa na mkono ulioongeza. Injini haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imeachwa na njaa. Alibadilisha oili na chujio lake, na bangili zingali sandukuni.

Wala hatusemi kwamba kila fundi asemaye "fungua" amekosea. Ziko dalili zisizopuuzwa. Moshi wa samawati unaotoka asubuhi injini inapowashwa, kisha ukakoma, mara nyingi huashiria sili za valvu zilizokakamaa, na hizo katika injini nyingi hubadilishwa pasi na kuifungua injini nzima. Moshi huo ukitoka kila unapokanyaga mafuta, huenda ni ringi zilizolika au zilizoganda kwa masizi, jambo linaloletwa sana na kuchelewesha oili. Muulize fundi pia kuhusu ile valvu ndogo ya kupumulia injini. Ikiziba, oili husukumwa pasipo pake, nayo ni kitu cha bei nafuu. Tahadhari kuwa gari lenye kichujio cha moshi kwenye egzosi laweza kuunguza oili nyingi bila moshi kuonekana. Na ukiona oili inaongezeka badala ya kupungua, au imefanya rangi ya chai ya maziwa, petroli au maji yameingia. Gari lisiendeshwe mpaka litazamwe.

Zaidi ya yote, angalia mabadiliko. Gari lililokuwa likitumia robo lita kwa kilomita 1,000, likaanza kutumia nusu, kisha lita nzima, linasema jambo. Kijana mmoja wa jamaa zetu aliuona moshi wa samawati miezi kadhaa, akijiambia kuwa gari kuukuu ndivyo lilivyo. Taa nyekundu iliwaka karibu na Mariakani, naye akaazimia kufika mji unaofuata. Hakufika. Injini ilikwama njiani, na hadi leo analipa deni la nyingine.

Neno la mwisho ni kwa wanaonunua na wanaouza. Magari mengi yetu hushushwa bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa ng'ambo, kisha hupita mikono kadhaa hapa. Ukienda kutazama gari, nenda asubuhi, na umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, kwani injini iliyopashwa moto huficha moshi wake wa kwanza. Na anayetia oili nzito ili moshi usionekane mpaka pesa zilipwe, ajue kwamba ameficha aibu ya bidhaa, na hilo katika biashara yetu ni haramu. Mwambie mnunuzi kiasi gari linachotumia, mpunguzie bei, ulale usingizi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Basi kabla ya swala ya Ijumaa ijayo, dada zetu, shikeni kitambaa na kalamu, mkakitazame kijiti. Inshaallah kitawaambia jambo mlilokuwa hamlijui.

Wabillahi tawfiq.