Mbwa Akiumwa na Jino

Jumapili hii, msomaji, nataka tuzungumze juu ya yule mwenzetu alalaye nje karibu na lango. Najua wapo watakaocheka. Nilipomwambia jirani yangu kwamba tunampeleka mbwa kung'olewa jino, alishika kiuno akaniuliza kama tumekwisha kulipa karo. Swali lake halikuwa la mzaha, kwani fedha zilizokuwapo nyumbani zilikuwa za muhula uliokuwa ukija.

Mbwa wetu Simba alikuwa na umri wa miaka 9. Asubuhi moja tulimwona amevimba chini ya jicho la kushoto. Kila mtu alikuwa na lake la kusema: kaumwa na nyuki, au wale vijana wa kichochoroni wamempiga jiwe tena. Tukamkanda kwa maji ya chumvi, na uvimbe ukapungua. Wiki mbili baadaye ukarudi, ukapasuka, usaha ukamtiririka shavuni. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa muda mrefu alikuwa akitafuna kwa upande mmoja, tonge la ugali likimwanguka na yeye kuliokota tena. Hata watoto walikuwa wameacha kumkumbatia, wakisema mdomo wake unanuka. Mbwa hatakuamsha usiku akilalamikia jino. Hula vivyo hivyo na maumivu yake, nasi tukiona sahani imelambwa twasema yu mzima.

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo akatuonyesha. Mbwa mzima ana meno 42, na lililoharibika lilikuwa gego kubwa la juu, lile la kukatia nyama. Lilikuwa limepasuka ubavuni. Jino hilo lina mizizi 3, na ncha zake hufika karibu na chini ya jicho. Ndiyo sababu viini vikipenya kwenye ufa, uvimbe hutokea usoni.

"Mama, huyu mnampa mifupa?" daktari aliuliza.

Tulikuwa tukimpa, tena sana! Kila Jumamosi nilimletea mfupa wa goti la ng'ombe kutoka buchari, nikijiona mwema kweli kweli. Kumbe mfupa mgumu kama huo huweza kumvunja mbwa jino kama vile kijiwe ndani ya githeri kinavyomvunja mtu.

Daktari alipotaja bei, mume wangu alinyamaza. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani alisema kwa sauti ya chini kwamba mbwa wa miaka 9 ni mzee, na kwamba iko sindano ya kumpumzisha. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa ameshika kamba ya Simba, hakujibu neno. Tulipofika langoni ndipo alipouliza, "Baba, ule usiku wa wezi, ni nani aliyetuamsha?" Tulilipa kwa awamu mbili.

Mbwa hawezi kuketi kwenye kiti na kuambiwa apanue mdomo, kwa hivyo ni lazima alazwe kwa nusukaputi. Kwa sababu ya umri wake, daktari alimpima damu kwanza kuona hali ya figo na ini. Tuliamriwa tusimpe chakula tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, maana akitapika akiwa amelala matapishi huweza kuingia mapafuni. Gego lilikatwa vipande vitatu kwa mashine, kila mzizi ukatolewa peke yake, ufizi ukashonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Meno mengine yakakwanguliwa ukoga uliokuwa umegeuka mgumu kama saruji.

Usiku wa kwanza, msomaji, nilidhani tumempoteza. Alitetemeka, akalialia, na kila akisimama alipepesuka kama mlevi. Daktari alikuwa ametuonya, lakini kuonywa si kuona. Tulimlaza jikoni juu ya blanketi kuukuu, mbali na ngazi, na mate yake yalikuwa na rangi ya damu hadi kesho yake. Hayo ni ya kawaida. Damu mbichi ikitiririka bila kukoma, hapo mrudishe kwa daktari mara moja.

Usiku huo huo nilitaka kumpa vidonge vyangu vya maumivu. Nashukuru mume wangu alinizuia. Ibuprofen huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol ikizidi huharibu ini. Mpe dawa aliyoandikiwa yeye tu. Hiyo nayo ni kazi: nilificha kidonge ndani ya tonge, Simba akala tonge na kukitema kidonge miguuni pangu. Nilipokipaka mafuta ya nyama ndipo alipokimeza.

Kwa wiki mbili alikula ugali laini uliolowekwa kwa mchuzi usio na kitunguu, maana kitunguu humharibu mbwa damu. Hakuruhusiwa mfupa, wala mpira, wala kijiti. Siku ya 6 nilimfumania kitinda mimba wetu akimrushia kijiti adake. Sitasema nilimfanya nini.

Sasa tunampiga mswaki kila jioni. Dawa yetu ya meno hatumpi, kwa sababu mbwa hajui kutema, na zile zenye sukari ya xylitol ni sumu kwake. Ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na ukiikosa, mswaki na maji matupu si haba.

Juzi yule jirani alikuja na mbwa wake, akataka nimwonyeshe jinsi ya kumfunua mdomo. Nilimwuliza kwanza kama amechanjwa kichaa. Mbwa anayedondokwa na mate na kushindwa kumeza huenda haumwi na jino hata kidogo, na hapo hutii mkono wako mdomoni mwake. Jirani alikwenda nyumbani kutafuta cheti.